Bakuli Lililokuwa Liende Ujerumani

Hapa Mwanga, kwenye mji wetu wa kando ya ziwa, watu walimwita Fundi Baridi, kwa sababu friji iliyoshindikana kwa mafundi wote yeye aliiamsha. Mimi nilimwita Mwalimu, maana nilikuwa mwenye nyumba wake na nilijua zaidi. Zénon Nyabenda alikuwa Mrundi, mrefu, wa sauti ndogo, na kabla ya vita ya mwaka tisini na tatu alifanya kazi Ujerumani kwenye maabara ambayo akikueleza habari zake ungedhani amelewa. Na pombe hanywi.

Alinieleza nikiwa kwenye cherehani. Kuna mashine, alisema, ndefu, imenyooka kama bomba la maji, na ndani yake chembe ndogo kuliko vumbi zinasukumwa kwa umeme mpaka zinakaribia mwendo wa mwanga. Bomba lenyewe limeundwa kwa mabakuli ya madini yanayoitwa niobiamu, yametobolewa kitako ili chembe zipite, yameunganishwa mdomo kwa mdomo, kisha yanatiwa kwenye baridi kali mno. "Friji yako hii, Mama Wema, ukilinganisha ni jiko." Kwenye baridi hiyo umeme unapita karibu bila kupotea. Lakini bakuli likiwa na mkwaruzo kwa ndani, joto linaanzia hapo hapo na kazi yote imekwisha. Wataalamu walikuwa bado wanahangaika jinsi ya kuyalainisha. Zénon alikuwa amepata njia yake, ya dawa na umeme.

Ushahidi ulikuwa bakuli moja tu. Alikuja nalo Bujumbura likizo awaonyeshe wanafunzi wa chuo, vita ikamkuta huko huko. Karatasi za vipimo ziliungua pamoja na nyumba. Yeye na mkewe Lyse walivuka ziwa wakashuka bandari ya Kibirizi na nguo za mwilini na bakuli hilo, limefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki.

Baada ya kuhangaika sana alimpata mkubwa wake wa zamani kwa simu ya posta. Akaambiwa: kamati ikiliona bakuli kwa hadubini, na uso wake ukawa kama ulivyosema, nafasi ni yako, njoo na familia. Na haraka ilikuwepo, jamani. Askari walikuwa wameanza kuwakusanya wakimbizi wanaoishi mjini na kuwapeleka makambini. Kila lori likipunguza mwendo mbele ya nyumba, Lyse alikuwa anaacha alichoshika.

Padre Leodgar wa parokia yetu alikuwa anakwenda Ujerumani masomoni, akakubali kulibeba. Ndege yake ilikuwa Jumamosi mchana.

Sasa, wiki hiyo mama yake Lyse, Bibi Irambona, alikuwa ametoka kambini na kibali cha kung'olewa jino. Mama mwema kupita kiasi, hawezi kukaa bure. Asubuhi ya Jumamosi Zénon alikwenda kutazama mashine ya barafu kule Kibirizi, Lyse yuko sokoni, mimi niko mbele na wateja wangu. Bibi aliona furushi mezani. Lyse alikuwa amemwambia linakwenda kwa Wazungu. Akafungua. Akakuta bakuli lililofifia rangi, limetoboka kitako, akaona aibu: chombo cha mkwe wake kiende ugenini hivi? Warundi wataonekanaje? Akachukua majivu, akachukua mchanga, akakaa uani akalisugua ndani na nje.

Nilipoingia kuchemsha chai nilimkuta analisuuza. Linang'aa kama sufuria ya harusi. Lyse alifika nyuma yangu na kikapu cha dagaa, akatazama, akakaa chini palepale.

"Bibi wewe," nilianza, na moto wangu mnaujua.

"Mama Wema." Zénon alikuwa mlangoni. Hakupaza sauti. "Naomba uache."

Kwao mama mkwe hasemwi. Hata jina lake mkwe halitaji. Bibi Irambona aliinuka, akajifuta mikono kwenye kitenge, akampa bakuli kwa mikono miwili. Zénon akalipokea kwa mikono miwili. Nilimwona anaingiza kidole gumba ndani, anakipitisha taratibu, kinasimama, kinapita tena.

"Murakoze, mabukwe," alisema. Ni asante, mama mkwe, kwa heshima zote.

Nilimfuata njiani kwenda parokiani. Nilimuuliza kama hakuna dawa ya kulirudisha. Akasema asidi yake inakula mpaka mfupa, haiuzwi Mwanga wala Dar. Padre alikuwa kwenye gari tayari, dereva anapiga honi.

"Lete mzigo, Nyabenda."

"Hauendi, Padre."

"Basi mwandikie mkubwa wako maelezo, nitampelekea."

"Maelezo wanayo. Walitaka kuona."

Nililia kwa hasira barabarani, mtu mzima mimi. Nilimwambia mjinga, mwambie yule mama alichofanya, angalau ajue! Akaniuliza akishajua atafanya nini. Ndege ilipita juu yetu kabla hatujafika nyumbani.

Lori lilisimama kwangu kabla mvua hazijaanza. Lyse hakupiga kelele. Zénon alinikabidhi funguo na friji mbili za watu, akaniambia ipi ya nani, wakapanda. Niliwaona mpaka lilipokata kuelekea Kidahwe, njia ya kambini.

Nilikwenda kuwatembelea kambini na nguo nilizowashonea. Bibi Irambona alikuwa na furaha isiyo na kifani. Binti yake na mkwe wake wamekuja kukaa naye, jirani kwa jirani. Alinipa uji, kisha akamgeukia Zénon.

"Sijakuuliza hata siku moja. Wale Wazungu walisemaje kuhusu kile chombo?"

Lyse alitoka nje. Zénon aliweka kikombe chini.

"Walisema hawajawahi kuona kilichong'aa namna ile."

Bibi akacheka, akanipiga pajani. "Unasikia? Basi wakileta vingine mniite mimi."

"Tutakuiteni, mabukwe," alisema Zénon.