Nyayo Zilizoingia kwa Kefa

Watu hawaachi kuniuliza: wewe Swaumu, Mrangi wa Kondoa, umezaliwa na kukulia msikitini, huyo babu Kefa unayemlilia kila akitajwa katoka wapi? Jina lenyewe la kanisani! Nami huwaambia kaeni kitako niwaeleze, na mwenye haraka zake aende.

Kefa alikuwa Mgogo wa Mkonze, aliyebatizwa Mvumi akiwa mtu mzima, zama za Mdachi. Aliyenihadithia habari zake ni babu yangu mzaa baba, Mbwana, ambaye kila mara alicheka kabla hajafika penye kuchekesha. Alisema Kefa alikuwa kimbaumbau wa mtu, mdomo hautulii. Hakupita penye mji wa mtu bila kumwambia zizi lako lina pengo, fisi atakula ndama, wewe umelala tu. Yowe lake lilikuwa la mkwaruzo, hata mkewe Ruthu akimtania: "Baba Sila, ukipiga yowe wewe, wezi hukaa chini wakusikilize."

Lakini yowe hilo lilikuwa na kazi. Boma la Dodoma lilikuwa na askari wachache na nchi ile ni pana, wezi wa mifugo wakaona njia nyeupe. Jumbe akawaambia watu, askari hawatoshi, jilindeni, mkimkamata mtu mpelekeni bomani. Wa kwanza kusimama ni Kefa. Hakulipwa, hakupewa hata kitambaa cha kufunga mkononi. Aliwakusanya wanaume wa pande zote mbili za korongo, wakagawana njia za kulinda, wakakubaliana kwamba yowe likilia kila mwanamume aitike. Na sheria ya wazee wao akaishikilia kwelikweli: nyayo za mnyama aliyeibwa zikiingia kwako ni zako, mpaka uonyeshe zilipotokea. "Usipozionyesha," alikuwa akisema, "usinitafutie maneno. Nyosha mikono ufungwe." Aliyasema hayo kila siku, watu wakachoka naye.

Basi mwaka mmoja Sila, mwanawe Kefa, akaoa kwa Marko, ng'ambo ya korongo. Katika ng'ombe wa mahari alikuwamo mtamba mwenye baka jeupe usoni, ambaye Kefa alimpenda mno. Sila naye hakuficha kinyongo. Alinung'unika mbele za watu kwamba baba mkwe kachukua mtamba mzuri kuliko wote.

Haukupita muda, babu Mbwana akapita huko na mzigo wake wa tumbaku, akaomba malazi kwa Marko. Alfajiri akaondoka mapema awahi soko la Dodoma. Marko kuamka, mtamba hayupo na mgeni hayupo! Akapiga yowe. Watu wakatoka, Kefa mbele, na babu yangu wakamkuta njiani na tumbaku yake kichwani. Haikusaidia kitu kusema sina ng'ombe, tazameni, nina tumbaku. Askari mmoja wa bomani, Zaidi, mtu wa pwani, alikuwa karibu akaja, akamfunga kamba mikono nyuma.

"Huyu ana wenzake waliomswaga ng'ombe," akasema Zaidi. "Atawataja bomani."

Na bomani, ndugu zangu, kilikuwa kiboko. Hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa mtu aliyelazwa kifudifudi. Babu alisema alianza kusoma kila dua aliyoijua.

Kefa akaingilia. "Bwana askari, hatumpeleki mtu bila kufuata nyayo. Huo ndio utaratibu wetu. Mlete, aje nasi."

"Na nyayo zikipotea?"

"Zikipotea, mchukue."

Wakafuata. Ardhi ilikuwa kavu na ngumu, mguu wa mtu hauachi alama, ila hapa na pale ukwato ulikwaruza. Ukwato mmoja wa mbele ulikuwa umemeguka ncha, na Kefa ndiye aliyeutibu zamani, kwa hiyo hakuhitaji kuuliza. Wakafika korongoni. Mifugo ya watu ilikuwa imekwisha kunywa maji pale, mchanga wote umevurugwa. Kefa akavuka peke yake kutazama ng'ambo. Babu alimwona akiinama, kisha akabaki ameinama hivyohivyo.

Alikuwa ameuona ule ukwato. Na njia ile ya ng'ambo haikwenda kwa mtu mwingine yeyote, ilikwenda kwake. Hapo ndipo akakumbuka kwamba asubuhi yote hiyo, katika wote walioitikia yowe, hakumwona Sila.

Jamani! Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kefa angesema neno moja tu, zimepotea, na nani angembishia? Mrangi apite zake bomani, mtoto wake abaki na ngozi yake. Babu alisema Kefa aligeuka akamtazama yeye, mtu asiyemjua hata jina, akamtazama muda mrefu mpaka Zaidi akapaza sauti: "Vipi, zimepotea?"

"Hazikupotea," akasema Kefa. "Zinakwenda kwangu."

Akatangulia. 

Walipofika, mtamba alikuwa zizini kwa Kefa, amesimama ubavuni mwa ng'ombe mkubwa, mama yake, naye mama anamlamba shingo. Sila kaketi juu ya jiwe karibu nao, kajishika kichwa.

"Amekuja mwenyewe, baba," akasema Sila. "Nilikuwa natoka kuitikia yowe, nikamwona anaingia. Nikasema nimrudishe, nikaogopa. Nani angenikuta naye njiani asiseme mimi ndiye mwizi?"

Kefa akaweka fimbo yake chini. "Nyayo zimeingia kwangu na sina pa kuzitoa," akamwambia Zaidi. "Mfungue mgeni. Nifunge mimi, mzizi wa mji huu ni mimi." Akanyosha mikono, machozi yanamtoka waziwazi mbele ya mkwe wake.

Ruthu akatoka ndani, mwiko wa ugali mkononi. "Ebo! Mnalia nini, watu wazima? Mtoto kaja kumwona mama yake, mnataka kumfunga nani? Mchukueni mtamba huyo, mvusheni korongo, kisha mwacheni. Mtaona."

Wakamswaga mpaka ng'ambo, Marko mwenyewe akimshika pembe, wakamwachia. Mtamba akasimama, akapiga mkia, akawapita wote, Zaidi na bunduki yake, akavuka mchanga, akapanda njia ya kwa Kefa bila kugeuka nyuma. Marko ndiye aliyeanza kucheka. Zaidi akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka akaegemea bunduki. Kefa hakucheka. Alikwenda kumfungua babu yangu kwa mikono yake, fundo likamshinda, akalikata kwa kisu.

Tangu siku ile kila mavuno babu alipitia Mkonze na tumbaku, hata baada ya Mdachi kuondoka. Kefa alimwita "mdogo wangu", nasi tukaambiwa tumwite Kefa babu. Naye aliendelea kuwasumbua watu na mapengo ya mazizi yao mpaka akafa.

Babu Mbwana alifuata miaka mingi baadaye, nami nilikuwa tayari mke wa mtu. Mkusanyiko wa wazee ulijaa uani, wengi wa rika lake, na wengine wao ukiwaona bila shati, migongo yao ina matuta ya viboko vya Mdachi, kama shamba lililolimwa. Baba yangu Abbasi aliingia kumwosha maiti. Alipotoka, mikono bado inadondosha maji, alisimama mlangoni, akasema.

"Mgongo wa baba hauna hata kovu moja."

Baba akajifuta macho kwa kanzu, akanitazama.

"Swaumu, mwambie mumeo aende Mkonze kwa akina Sila. Tusizike kabla watoto wa Kefa hawajafika."