Mama Mkwe Alitaka Picha

Nimechoka na picha. Nasema hivyo kila Jumamosi, na kila Jumamosi naishika kamera tena. Kazi yangu ya mshahara ni ya stoo, katika kinu cha kusaga mahindi hapa Jinja. Kamera ni ugonjwa nilioupata ujanani na sijapona. Mke wangu huiita mke mwenza. Huipisha mezani bila kinyongo, ila kuifuta vumbi hataki.

Baba alikuwa dereva wa malori kutoka upande wa Kenya. Alihamia Mpumudde, hapa hapa Jinja, akabaki, na ndiyo sababu kwetu tulikua tukizungumza Kiswahili wakati majirani walikihesabu kuwa lugha ya wanajeshi. Mke wangu ni wa Busiu, kule nje ya Mbale. Kiswahili alikijulia kwangu, na sasa anakitumia kunigombeza vizuri kuliko mimi ninavyojitetea.

Zamani nilikuwa naweka picha zangu mtandaoni. Niliamka alfajiri kupiga picha za ukungu juu ya Nile, nikachagua moja kati ya nyingi, nikaipandisha kwa moyo mkunjufu, na waliopenda walikuwa dada yangu na mtu mmoja anayeuza dawa za nguvu za kiume. Kisha siku moja nikampiga picha mbuzi aliyepanda juu ya kiti cha boda boda iliyoegeshwa. Sikufikiri chochote. Mbuzi yule alizunguka Uganda nzima. Baada ya muda nikamkuta kwenye ukurasa wa mtu mwingine, jina la mtu huyo limeandikwa pembeni kwa herufi za kujipinda, watu wanampongeza kwa jicho lake. Nilimwandikia kwa adabu. Alinijibu kwa kikatuni cha kucheka, halafu akanifungia.

Nikajaribu makundi ya wapiga picha. Huko watu hugombana juu ya lenzi ambazo hawana. Vijana waliniambia picha zimepitwa na wakati, siku hizi ni video, na bora nionekane mwenyewe nikicheza kidogo. Nicheze na magoti haya? Nikaacha kuweka picha, lakini kutazama sikuacha, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Unaketi kunywa chai, unaona harusi ya mtu usiyemjua, ajali, sala, mtu anauza viatu, ajali nyingine. Chai inapoa na hujui umeshiba au umekasirika.

Nilikuwa katika hali hiyo wakati jirani ya mama mkwe alipofariki kule Busiu. Mjukuu mmoja wa marehemu alikuwa amempiga picha kwa simu wodini, mdomo wazi, mpira puani, shuka limemtoka begani. Aliiweka kwenye stetasi ya simu yake na mishumaa na mikono ya kuomba. Kufikia mchana salamu za pole zilikuwa nyingi na picha iko kwenye simu ya kila mtu pale kituo cha boda. Mwendesha boda mmoja alisimama kwa mama mkwe akamwonyesha, akidhani anamfanyia wema. Mama mkwe mwenyewe wakati ule alishaanza kusumbuliwa na sukari. Alirudisha ile simu, akaenda kuketi ndani.

Jioni akampigia binti yake. Mke wangu alipokata simu akanigeukia.

"Mama anasema hataki kutolewa kwa simu vile. Anataka picha yake ya msiba ikae tayari. Na anataka wewe ndiyo upige."

"Mimi?"

"Wewe uko na kamera. Hao wengine wako na simu tu."

Tatizo ni kwamba mimi ni mkwe wake. Kwao, na kwa watu wa baba yangu vilevile, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawashikani mikono na hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Nilikuwa mkwe wake miaka mingi, na nilimjua kwa sauti, kwa nyayo, na kwa kilemba akionekana kwa nyuma. Katika picha za harusi yetu yeye ni kilemba tu. Mtandaoni wako wanaoyaita mambo haya ushamba, na sikuwahi kupata nguvu ya kuwajibu. Kwangu ilikuwa heshima inayopumzisha. Aliniulizia hali kupitia ukutani, nikamjibu kupitia ukutani, na nilipoondoka nilikuta mkungu wa ndizi umewekwa karibu na viatu vyangu. Wazee wangeweza kuulegeza mwiko kwa zawadi na maneno, ila yeye hakutaka. Alisema ameshazeeka mno kuanza kunitazama.

Tukaenda Jumapili. Mama mkwe alipokuwa bado ndani nilisimamisha kamera uani juu ya miguu yake mitatu, nikamkalisha mke wangu mahali pa mama yake, kwenye kiti chini ya upenu, nyuma yake ukuta wa nyumba, nikapima mwanga na kufunga kila kitu. Nikampa rimoti ya kubofya, nikaenda kusimama nyuma ya jiko, upande wa kamera. Kutoka huko nilisikia mlango, kisha kiti kikilia.

"Mama aangalie kamera," nikasema kwa sauti.

Mke wangu akamtafsiria kwa lugha yao, akabofya. Akazikagua picha, akaja kuniambia.

"Hizi zote mbaya. Mama anaangalia ndizi kule shambani."

Tukarudia. Nikaelekeza upya, kidevu kiinuke kidogo, mabega yalegee, macho kwenye kioo cha lenzi.

"Ndizi tena," akasema. "Sasa naona shingo tu."

Nikaanza kulaumu rimoti. Nikamlaumu na yeye. Akaniuliza kama nataka aje nyuma ya jiko na mimi niende kule nikabofye mwenyewe. Jua lilikuwa linahama, mwanga uliokuwa chini ya upenu unapanda ukutani, na mama mkwe alikuwa ameketi pale kwa utulivu amevaa gauni lake la gomesi la sherehe, na mimi nikijua kwamba mwanamke yule hakuwa na siku nyingi za kuvaa nguo ile akiwa na nguvu za kuketi wima.

Ndipo nikaelewa. Kila niliposema aangalie kamera, sauti yangu ilitoka upande wa kamera, na yeye akausogeza uso upande mwingine. Si kwa kukusudia. Mwili wake uliozoea ndio uliogeuka, kama alivyofundishwa tangu ujana. Mimi nami nililelewa hivyohivyo na nilipaswa kujua, lakini siku ile nilikuwa nawaza kama mpiga picha.

Nikazunguka shamba la mahindi, nikatokea nyuma kabisa ya nyumba, nyumba ikiwa katikati yetu. Nikasema kutoka huko, "Mama, samahani kwa usumbufu. Tunamaliza sasa hivi."

Akanigeuzia kisogo, na kwa kunigeuzia kisogo akaielekea kamera. Kisha nikasikia anacheka, kicheko cha mtu aliyegundua alichofanyiwa. Mke wangu hakungoja nimwambie, alibofya mfululizo.

Kabla ya kurudi Jinja tulipitia Nkoma, pale Mbale, alikopanga shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwenye kompyuta. Tuliuliza kwanza kama mimi naweza kuitazama picha, kwa kuwa picha si mtu. Jibu la mama mkwe lilikuja kwa simu, na lilikuwa fupi: picha pia ni yeye. Basi nikaketi nyuma ya kompyuta, mgongo wa kioo ukinielekea, mke wangu upande wa pili, nikawa naagiza bila kuona.

"Uso uko na mwanga?"

"Uko."

"Na macho?"

"Macho iko sawa. Wacha hapo, usiharibu."

Nikaacha. Picha nzuri kuliko zote nilizopiga sikuiona, na haikunisumbua. Ilinipa raha nisiyoitarajia, kuwa na kazi moja duniani ambayo hakuna mtu wa kuipigia kura wala kuiiba. Ilikaa kwenye simu ya mke wangu na ya mdogo wake. Tulikubaliana kwamba ikifika siku, hiyo ndiyo itatoka, hakuna nyingine.

Siku ikafika. Sukari ilipanda, wakamlaza Mbale, mke wangu akaenda kumuuguza. Mimi nilibaki kazini. Asubuhi moja nilikuwa napokea magunia, simu ikatetemeka mfukoni, tena na tena. Lilikuwa kundi la familia. Nilifungua bila kufikiri, kama ninavyofungua kila kitu.

Binamu yake mke wangu alikuwa amepita wodini jana yake kumjulia hali, akapiga picha. Mdomo wazi, mpira puani, shuka limemtoka begani. Mtu wa wodini alikuwa amemjulisha kifo, naye chini ameandika lala salama, na mishumaa. Mke wangu alikuwa kwenye foleni ya dawa. Pole za watu zilimfikia kwenye simu kabla muuguzi hajamfikia.

Hivyo ndivyo nilivyouona uso wa mama mkwe wangu mara ya kwanza.

Niliilaza simu kifudifudi juu ya gunia, lakini nilikuwa nimeshaona. Nilikasirika. Nikampigia yule binamu.

"Iondoe."

"Shemeji, si nilikuwa najulisha watu?" Alikuwa analia kweli. Si mtu mbaya. Alitaka kuwa wa kwanza kuomboleza, kama sote tulivyozoeshwa kuwa wa kwanza.

Akaiondoa, lakini ilikuwa imeshachukuliwa. Shemeji wa Nkoma akaitoa ile yetu, akampigia mtu mmoja mmoja kumsihi abadilishe. Wengi walibadilisha. Mchana, nikaambiwa, ilikuwa imeijaza simu ya kila mtu na ile nyingine imezama. Niliambiwa tu, maana simu yangu nilikuwa nimeizima.

Kwenye mazishi waliitundika picha yetu, imekuzwa, getini, ikitazama barabara. Nilipitia upande wa shamba nisiione. Sisi wakwe tulipewa turubai letu pembeni, tukaketi tukitazama nyasi. Alasiri, watu walipoanza kutawanyika, mke wangu akaja akavuta kiti.

"Ile ya hospitali uliiona?"

"Niliiona."

Akatoa simu yake, akatafuta, akaninyooshea.

"Basi angalia hii."

"Mama alisema picha pia ni yeye."

"Najua alisema. Lakini hawezi kubaki na wewe vile."

Niliinamisha kichwa kwa mazoea. Hakuondoa mkono. Ulipochoka akaushikilia kwa mkono mwingine, akangoja, hadi nikainua macho.

Alikuwa anacheka. Kidevu kimeinuka, jicho moja limefumba zaidi ya jingine, na mwanya wa mbele ambao watoto wangu wote wanao na nilidhani ni wa kwetu. Alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja. Mwanga ulikuwaje siwezi kusema, sikuuangalia. Kioo kikaanza kufifia, nikakigusa kisizime.