Shahidi Aliyeingia Migombani

Enzi ya Mdachi nilifanya kazi kwa muda kwenye tanuru la matofali la kampuni moja kubwa, huku ufukweni mwa ziwa, chini ya Kyela. Shule ya misheni nilikuwa nimeiacha mapema, na mahali pamoja sikuzoea kukaa zaidi ya msimu mmoja wa mpunga. Pale nilikawizwa na swali. Sote tulikuwa tunapigwa. Boma lilikuwapo Tukuyu, na Mdachi mwenyewe alikwisha tangaza kwamba mwenye shauri aje. Mbona hakuna aliyekwenda?

Niliuliza kila mtu. Mmoja alinijibu, "Kwenda, kungoja na kurudi ni siku nne. Ukirudi unachapwa fimbo za utoro. Na hizo nazo utazishtaki?" Mwingine alisema karani wa kampuni na mkalimani wa boma wanakula sahani moja. Niliwaona waoga tu.

Kisha nyapara akampiga rafiki yangu, mtu wa Busale, kwa kalibu ya kufyatulia matofali. Sikio la kushoto likafa. Alikuwa amebakiza miezi mitano ya mkataba chini ya mtu yuleyule. "Likienda na la kulia, watoto wangu nitawasikia kwa kitu gani?" aliniambia. "Mimi nataka boma linitoe mikononi mwake, basi."

Aliyeona alikuwa mmoja, mwanamke aliyetuletea maji ya kukandia udongo. Rafiki yangu alipomwomba, alitua mtungi wake, akafikiri.

"Nitasema nilichokiona," alisema. "Wakinifukuza, migomba yangu haitanifukuza."

Tulipanda mlima watatu. Asubuhi ya shauri tulikaa uani mwa boma, na rafiki yangu akageuza sikio zima upande wa baraza asipitwe na neno. Tulipoitwa, mwanamke alitangulia. Hatua tano hivi, akasimama. Alivuta nguo juu ya kichwa, akageuka, akatokomea kwenye migomba iliyokuwa nyuma ya ua.

Nikatazama barazani. Kando ya karani wa kampuni, juu ya kigoda, alikaa mzee mmoja na blanketi jipya mabegani. Alikuwa baba mkwe wa mwanamke yule.

Kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe, wala hasimami mahali anapoonwa naye. Akimwona njiani huingia majanini mpaka apite. Kusema mbele yake, tena mbele ya watu, ni heri afe. Na mzee yule alikuwa mbovu wa magoti. Mlima ule asingeupanda kwa miguu. Wapagazi wa kampuni walikuwa wamekaa chini ya ukuta, na machela imelazwa kando yao.

"Shahidi yuko wapi?" mkalimani aliuliza.

"Yupo hapo nyuma," nikasema. "Mwambie Bwana Mkubwa mzee asogee kidogo, mama atakuja."

"Mzee amealikwa. Wewe nani umwondoe?"

"Basi mwambie sababu."

Mkalimani alimgeukia Mdachi, akasema maneno mawili matatu. Sababu ile kwa Kiswahili tu ingehitaji pumzi nzima. Mdachi akafunga daftari. Mzee aliinamisha kichwa kwa heshima. Sidhani alijua ameletwa kufanya nini.

Rafiki yangu aliniuliza, "Amesemaje?" Nilimwambia turudi.

Njiani mwanamke alitembea mbali nyuma yetu. Hatukumlaumu. Mimi nilikuwa na kazi ya kushuku. Nilimshuku mkalimani, nikamshuku nyapara, nikawashuku hata wale walionionya. Karani alikuwa mtu wa pwani. Mila zetu hakuzijua. Nani alimfundisha?

Tulikuwa tumefika kivukoni kwenye mto nilipokumbuka. Mwezi mmoja kabla, karani alimwona mwanamke yule akitua mtungi na kujitosa kwenye matete, mzee akipita. Akacheka, akaniuliza, "Ndugu yangu, huyu anadaiwa nini na mzee wa watu?" Nami, kwa kupenda kuulizwa kama ninavyopenda kuuliza, nilikaa naye kivulini nikamweleza yote, pamoja na nyumba ya mzee ilipo.

Rafiki yangu alikuwa mbele, anapima maji kwa fimbo. Nilimwambia. Nilikuwa upande wake wa kushoto.

Hakugeuka. Kesho yake alirudi kwenye kalibu, na mimi sikusema mara ya pili.