Gunia Lililommaliza Guka

Admin, jina langu lifiche vizuri, usiweke hata herufi ya kwanza. Mkifika mwisho mtaelewa. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, Mkenya wa upande wa Nyeri, na huku Dubai ninalinda ghala kule Jebel Ali. Sina mke, sina kesi, na hadi mwezi uliopita sikuwa na shida ya kuombea ushauri kwa watu nisiowajua.

Mwaka jana ghala letu lilikodishwa na Mpalestina mmoja, nitamwita Sir Ziyad, apigie filamu. Ni filamu ya kwao, ya wakati wakulima walipowaasi Waingereza, miaka mingi kabla hatujazaliwa. Walijenga kijiji mle ndani, ukuta wa mawe ya plasta, kisima kisicho na maji, hata mizeituni ya plastiki. Kazi yangu ilikuwa kuzuia watu wasiingie kuchungulia.

Siku moja kazi ikasimama. Kuna sehemu ambayo wanakijiji wanapangwa foleni, na mbele yao amekaa msaliti wa kijiji hicho hicho, amevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Kila mmoja anapita mbele yake. Gunia likitikisa kichwa, askari wanamkokota huyo mtu na harudi tena. Waigizaji walikuwa Wapalestina na Wajordani wanaofanya kazi hapa mjini, na wote walilikataa gunia. Mmoja alisema, "Wallahi, mama yangu akijua nimelivaa hatanipikia tena." Basi Sir Ziyad akageuka, akanitazama nilivyosimama mlangoni.

"Wewe habibi, mama yako yuko mbali. Yalla, njoo ukae."

Nilicheka nikalivaa. Mtu anayesimama kutwa nzima akipewa kiti atakataa? Wakanivisha glavu na soksi nene ili weusi wangu usionekane, nami nikatikisa kichwa kama nilivyoagizwa. Watu wakakokotwa wakipiga mayowe. Sir Ziyad aliposema khalas, yaani basi, mzee aliyekuwa amekaa nyuma ya kamera akainuka, akaja polepole, akanivua gunia kwa mikono yake mwenyewe.

Alikuwa baba yake Sir Ziyad. Sote tunamwita Hajj. Alikuwa mtoto mdogo baba yake alipopitishwa mbele ya gunia la kweli, na hakurudi. Hadi leo hajui ndani mlikuwa na nani. Aliniambia baadaye kwamba alikua akiwaamkia wazee wa kijiji chake mmoja mmoja, huku akijiuliza kama ni huyu.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Kenya, Hajj."

"Waingereza walifika huko?"

"Walifika, na gunia wakaja nalo. Guka yangu alimalizwa na gunia."

Guka kwetu ni babu, na hayo ya gunia ndiyo maneno niliyolelewa nayo. Kila tulipomuuliza mama habari za baba yake, alijibu hivyo tu, gunia lilimmaliza. Wakati wa Mau Mau wavaa gunia waliitwa gakunia, na kila mtoto kwetu anajua walivyowamaliza watu. Sikuona haja ya kuuliza zaidi.

Hajj alinikumbatia, akalia kama mtoto. Tangu hapo nikipata mapumziko ya Ijumaa ninakula kwao Al Barsha, sahani moja na yeye. Mimi ni Mkristo, lakini ananiita ibni, yaani mwanangu. Nilifiwa na baba nikiwa darasa la tatu, kwa hivyo msinicheke nikisema nampenda yule mzee.

Sasa filamu imekamilika, inaonyeshwa Alhamisi ijayo. Sir Ziyad akaniambia kuna zawadi yangu. Mwishoni, kabla ya majina ya waigizaji, wameandika kwamba filamu hii ni kumbukumbu ya watu wawili waliomalizwa na gunia, baba yake Hajj na guka yangu. Jina kamili, kama nilivyomtajia Hajj, kwa Kiarabu na Kiingereza. Nami, kwa mdomo wangu mrefu, nikawaalika watu wa kijijini kwetu walioko huku. Kisha nikampigia mama.

Nilipomsomea maandishi hayo, alizima redio iliyokuwa ikisikika nyuma yake.

"Mama, uko?"

"Niko. Waambie walitoe hilo jina."

"Kwa nini?"

"Guka yako hakuonyeshwa na gunia. Yeye ndiye alikuwa ndani."

Anasema gunia lilimfika magotini, na enzi hizo watu walitembea pekupeku. Nani asiyeijua miguu ya jirani yake? Wa kwanza kutikisiwa kichwa alikuwa shemeji yake mwenyewe, ndugu wa nyanya. Nikamuuliza kama walimpiga kwanza, kama walimlazimisha. "Sijui. Hakuwahi kusema." Baada ya hapo hakuna aliyemsalimia. Alikunywa pombe mpaka akafa, na kaburi lake walilichimba mama na dada zake, kwa sababu wanaume wa kijiji walikataa.

"Sasa mama, mbona ulituambia gunia lilimmaliza?"

"Kwani halikummaliza?"

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Nikimwambia Sir Ziyad afute jina, atataka sababu, na Hajj atajua. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo, ambaye amemtafuta mtu mmoja maisha yake yote, nimwambie amekuwa akila na mjukuu wa mtu kama huyo? Nikinyamaza, jina la mvaa gunia litaandikwa chini ya jina la mtu aliyekufa kwa sababu ya gunia, na watu wa kwetu watakuwa pale wakilisoma. Jina lenyewe ni langu pia, maana mimi ndiye niliyepewa jina la guka. Na Hajj ameshasema tutakaa pamoja, anishike mkono majina yakipita.

Nyinyi ni maelfu humu, hakosekani mmoja mwenye busara. Mngemwambia mzee, au mngekaa kimya mkashikwa mkono? Matusi leteni, ila jibu lije kabla ya Alhamisi. Nilipokuwa ninamsihi admin anifiche, nilitambua kwamba ninachomwomba ni gunia, na ninayemtikisia kichwa ni guka.