Weka Wingu, Dada

Ofisini walimwita Bi Mawingu. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta mpaka macho yawashe, akikagua picha za msitu zinazopigwa na setilaiti. Kwenye picha hizo majani yenye afya yanaonekana mekundu. Pakipauka tu, ujue hapo pana wadudu, ukame, au shoka. Anaweka alama, askari wa msitu wanatumwa kesho yake. Pakiwa na wingu anaandika wingu, na hapo panasubiri picha ya wiki ijayo.

Asubuhi hiyo, mgongo ukimuuma kama kawaida, akaona doa la kijivu kule juu karibu na mto. Mdogo wake wa mwisho, yule aliyemlea tangu mama yao afariki, juzi tu alikuwa anajisifu kwamba anachoma mkaa kulekule.

Akampigia.

"Uko wapi?"

"Kazini, dada. Matanuri mawili yanafuka hapa. Vipi, umenikumbuka?"

"Nimekuona kwenye picha."

"Ee? Nimependeza?"

"Nimeona ulivyokata miti. Shuka leo."

Kicheko kikakatika. "Si uandike wingu tu. Wiki moja, nishushe mkaa wangu, basi. We si ndiye Bi Mawingu?"

"Hakuna wingu hapo."

"Nani atajua?"

"Mimi si mtu?"

"Dada, kwani mimi si mtoto wako?"

Hapo alimshika pabaya. Bi Mawingu akaangalia lile doa. Alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka mzima. Kule gereji alikopata kazi, kijana aligombana na fundi, dada akaenda kuomba radhi. Dukani akafukuzwa, dada tena. Na msitu nao kila mwezi unapauka, yeye anaweka alama, anaweka alama, utadhani anateka maji kwa ungo.

"Sikiliza," akasema. "Alama naiweka jioni nikifunga ofisi. Askari wanapanda kesho. Una mchana mzima."

"Na mkaa?"

"Uache."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena haikupatikana. Mchana kutwa haikupatikana. Wenzake walipoanza kuchukua mikoba yao, akaandika: miti imekatwa. Akabonyeza.

Nyumbani akamkuta mdogo wake kakaa mlangoni, mweusi tii kwa masizi, macho tu ndiyo yanaonekana. Salamu hakuna.

"Umeweka?"

"Nimeweka."

"Mwezi mzima nimelala porini, dada. Mwezi mzima."

"Najua."

"Hujui. Wewe unatuonaga toka juu tu." Akapangusa uso, akazidi kujipaka masizi. "Haya, sasa nifanye kazi gani?"

Bi Mawingu alitaka kuingia ndani ampashie maji ya kuoga, miguu ikagoma. Akavua viatu, akaketi pale pale kizingitini. Kijana akasogea kidogo kumpa nafasi, bado amenuna.