Mashua Iliyosimama Katikati ya Ziwa

Jumanne nilipita kwa fundi wa kompyuta hapa Ilemela kumuuliza ni lugha ipi ya programu mpwa wangu ajifunze ili apate ajira ya kutengeneza magemu. Nikamkuta mama mmoja wa makamo, ameweka laptop mezani na kaunta buku mpya juu yake.

"Nifundishe lugha ya magemu," alisema.

"Wanaotafuta kazi wengi huanza na C#, mama. Magemu makubwa ni C++."

"Kazi siitafuti, mwanangu. Binti yangu tulimzika mwezi uliopita. Gemu alilokuwa akilitengeneza lina mashua inayokwenda bandari ya Nansio, lakini ikifika katikati ya ziwa inasimama."

Fundi aliifungua laptop, akasoma programu yake, kisha akafuta skrini kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi.

"Alitumia Python. Imebaki kidogo sana. Niachie, jioni utaikuta mashua imefika."

Mama aliivuta laptop upande wake.

"Jioni ni mapema mno. Wewe nifundishe, nitalimaliza gemu lake mwenyewe polepole."

Nilikuwa nimekwenda kuuliza lugha inayolipa haraka. Niliondoka bila kuuliza, nikamwacha akipiga mstari kwa rula chini ya neno Python aliloliandika kwenye kaunta buku.