Kidole Gumba cha Syprose

Syprose Adongo alikuwa fundi wa kushona pale Kedowa, na watoto wengi wa shule walivaa kazi ya mikono yake. Uvimbe mgumu ulipomwota kwenye shina la kidole gumba cha mkono wa kulia, ulitolewa kwenye kliniki, naye akausahau. Ukarudi, mpana zaidi na wa rangi ya zambarau.

Katika hospitali ya rufaa, Daktari Kipkosgei alimwambia bila kuzunguka. Ilikuwa saratani ya ngozi isiyoonekana mara nyingi. Haikimbilii mwili mzima upesi, ila hutambaa chini ya ngozi kama mizizi, na mzizi ukiachwa, huota tena.

"Rahisi ni kukata kidole," alisema. "Njia nyingine ni kutoa kidogo kidogo, maabara wakipima kila kipande, mpaka tufike pasafi. Lakini ikiwa imeshika kano inayokunja kidole, Mama, nitakikata. Nataka nijue sasa kama unakubali."

Ogada, mumewe, aliinamisha kichwa.

"Niko na watoto, daktari," Syprose alijibu. "Uhai kwanza. Lakini tafuta kabisa kabla ya kukata."

Upasuaji wa kwanza ulikwenda vizuri. Kipande kikapelekwa maabara, kidonda kikafungwa, naye akarudi wodini kungoja. Majibu yalikuja mabaya: upande mmoja haukuwa safi, ule uliokaribia kano.

Akarudishwa kwenye meza ya upasuaji. Alidungwa ganzi mkononi tu, akabaki macho, amezuiwa na shuka asione. Daktari alikwangua polepole.

"Kunja kidole, Mama."

Syprose alijaribu. Hakuhisi chochote. "Sijui kama kinaenda," alisema.

"Kinaenda," nesi alimjibu.

Kipande kipya kikapelekwa, yakabaki majibu ya maabara. Chai aliyoletewa na Ogada ilipoa mezani. Daktari alipoingia, alianza kuongea akiwa bado mlangoni. "Ni pasafi pande zote."

Walichukua ngozi ya paja wakaziba kidonda. Mazoezi yalikuwa ya machozi, na ubavu wa kidole ulibaki bila hisia. Hata hivyo makasi aliyashika tena, na kliniki ya uchunguzi haikosi hadi leo. Juzi aliona tone la damu kwenye shati jeupe alilokuwa akishona, ndipo akajua sindano imemchoma ubavu ule. Alilifua shati, akalianika, akachukua lingine.